Macho Juu ya Mabati: Kisa cha Kibera, 2009

Treni ya Kibera haiji kimya. Kabla hujaiona unasikia honi, kisha unaona wachuuzi wakiinuka: mwenye nyanya anavuta gunia lake, mwenye mitumba anakunja turubai, mtoto anashikwa mkono. Pale reli ni njia ya miguu, ni soko, ni baraza la jioni. Treni ni mgeni anayepishwa kwa dakika moja, kisha biashara inarudi pale pale katikati ya mataruma.

Januari 2009 mgeni huyo alikuja na macho. Ubavuni mwa mabehewa yalibandikwa macho ya wanawake, meusi na meupe. Chini yake, kwenye mteremko unaoshuka kutoka relini hadi kwenye mapaa, yalipangwa mabati yenye nusu ya chini ya nyuso zile zile: pua, midomo, kidevu. Treni ilipofika mahali pake, macho yalikaa juu ya midomo na uso ukakamilika. Kufumba na kufumbua, macho yakaenda zake na midomo ikabaki mteremkoni ikingoja safari nyingine. Treni ilipita hapo angalau mara mbili kwa siku.

Aliyebuni kazi hiyo ni msanii Mfaransa anayejiita JR, na ilikuwa sehemu ya mradi wake wa Women Are Heroes, yaani Wanawake ni Mashujaa. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya mtu wa Paris aliyekuja kuupamba mtaa wa mabanda wa Nairobi. Nimekisoma na kukitazama kwa muda mrefu, na ninaona nguvu yake ilitoka kwenye jambo moja la kawaida kabisa: picha ilikubali kufanya kazi ya paa.

Reli iliyong'olewa

Ili kuelewa uzito wa macho yale, lazima turudi nyuma mwaka mmoja. Uchaguzi ulifanyika 27 Desemba 2007. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, Mwai Kibaki akaapishwa kuwa rais jioni hiyo hiyo, na Kibera, iliyokuwa katika eneo bunge la mpinzani wake mkuu, Raila Odinga, ikalipuka. Soko la Toi, wanakonunua nguo za mitumba watu wa Nairobi wa kila tabaka, liliteketea. Majirani waliozoea kuazimana chumvi walianza kuulizana kabila. Januari 2008 vijana waliing'oa ile reli, na mizigo ya kwenda Uganda ikakwama. Mkataba wa kugawana madaraka ulipotiwa saini 28 Februari chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, nchi ilikuwa imeshazika watu wengi mno. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu 1,133 waliouawa, na ikaandika sura nzima kuhusu ubakaji na ukatili wa kingono.

Siku hizo zote kamera zilikuwa Kibera. Picha zilizotoka zilikuwa za moshi, mapanga, mawe, polisi na vijana wakikimbia. Zilikuwa za kweli, na wapiga picha waliozipiga walihatarisha maisha yao. Lakini mwanamke akionekana humo, basi analia, au amebeba godoro kichwani akihama. Yule aliyepita vichochoroni kutafuta maji huku risasi zikilia, yule aliyemficha mtoto wa jirani chini ya kitanda, yule aliyewasha jiko la mandazi tena alfajiri huku jivu la kibanda chake halijapoa vizuri, huyo hakupata picha. Dunia iliijua Kibera kwa hasira ya wanaume wake.

Kuta zenyewe, hata hivyo, hazikuwa zimenyamaza. Solomon Muyundo, msanii wa Kibera anayejulikana kama Solo 7, alishika brashi ghasia zikiwa bado zinaendelea, akaandika wito wa amani ukutani, kwenye milango ya maduka, hata barabarani. Kikundi cha Maasai Mbili, kilichoanzishwa mwaka 2001 na mafundi wa kuandika mabango, kilikuwa na makao yake pale pale mtaani. Kwenye vichochoro vya Kibera ukuta ndio gazeti: bei ya kunyoa, mganga, mkutano wa kanisa, jina la timu ya mpira. Nalitaja hili mapema kwa sababu ni rahisi kusimulia kana kwamba sanaa ilishuka Kibera kwa ndege. JR alikuta mtaa unaojua kusoma kuta zake.

Lenzi ya kusogelea

Kabla ya hapo JR alikuwa kijana wa grafiti Paris, aliyeokota kamera kwenye treni za chini ya ardhi na kuanza kuwapiga wenzake. Alijulikana kwa picha za vijana wa Les Bosquets, mtaa wa maghorofa huko Montfermeil, jirani na Clichy-sous-Bois ambako ghasia za Ufaransa za mwaka 2005 zilianzia. Mwaka 2007 alibandika nyuso za Waisraeli na Wapalestina wanaofanya kazi moja, ubavu kwa ubavu, kwenye ukuta unaowatenganisha. Agosti 2008 alikuwa Rio de Janeiro, Morro da Providência, kilima ambacho vijana wake watatu walikuwa wametoka kuuawa baada ya wanajeshi kuwakabidhi kwa genge la mtaa hasimu. Nyuso na macho ya wanawake wa kilima hicho yalibandikwa kwenye nyumba zinazolitazama jiji.

Kazi hizi zote zimefungwa pamoja na kifaa kimoja kidogo: lenzi ya milimita 28. Wasiopiga picha huenda wasione maana yake, kwa hiyo niieleze. Hii ni lenzi pana. Ukisimama mbali nayo, uso wa mtu unakuwa kama punje ya mahindi katikati ya fremu. Ukitaka uso ujae, lazima usogee hadi uisikie pumzi ya mwenzako. Mwenye lenzi ndefu anaweza kusimama upande wa pili wa reli, akavuta, akapiga na kuondoka bila kuuliza jina la mtu. Mwenye 28 hawezi kuiba. Lazima abishe hodi, akaribishwe, akae, aeleze picha itakwenda wapi na itakuwa na ukubwa gani, kisha aombe. Kwa hiyo picha ile ni makubaliano kabla haijawa sanaa. Na kwa kuwa lenzi hiyo hukuza kilicho mbele, pua huvimba kidogo na macho hutoka, nyuso zile zina uhai wa mtu anayekutania mezani. Wengi walikodoa macho na kukunja sura kwa kusudi, na hakuna aliyepangwa kukaa kwa huzuni.

Kwa wanawake ambao picha ya mwisho waliyopigwa ilikuwa ya kilio, hilo halikuwa jambo dogo.

Mvua

Sasa nifike ninapotaka kukaa.

Huko kwingine JR alitumia karatasi na gundi ya unga. Karatasi ukutani hudumu wiki chache, halafu jua na mvua huila, na yeye mwenyewe hupenda iwe hivyo. Kibera ukuta mkubwa haupo. Kuna udongo, mbao na mabati, vyumba vimebanana hadi ukuta wa mmoja ni ukuta wa mwenzake, na uwanja pekee mpana ni mapaa. Picha ingelazimika kwenda juu. Karatasi juu ya bati la Kibera ni takataka ya wiki moja, mvua ndefu zikianza Machi inageuka uji na kuziba mfereji.

Aliyewahi kulala chini ya bati kuukuu anajua ninachosema. Bati la Kibera mara nyingi limeshaezeka nyumba nyingine kabla ya hiyo, na kila nyumba imeacha matundu yake ya misumari. Usiku wa mvua unajua kila tone linaanguka wapi. Sufuria inakaa pale, karai pale, kitanda kinasogezwa kidogo kwenye ukuta, vitabu vya mtoto vinaingizwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuning'inizwa. Juu ya paa kuna mawe na tairi kuukuu za kulizuia lisipeperuke. Kelele ya mvua ni kubwa hivi kwamba watu huacha kuongea na kungoja tu. Asubuhi godoro linatolewa nje, na mtaa mzima unajua nyumba yako ilivuja.

Kwa hiyo Kibera picha zilichapishwa kwenye vinili isiyopitisha maji, nyenzo ya jamii ya ile plastiki nzito ya mabango ya matangazo ambayo wengi wetu huiita turubai. Ilikuwa mara ya kwanza JR kutumia nyenzo ya namna hiyo. Jumla ya mita za mraba 2,000 za mapaa zilifunikwa kwa macho na nyuso za wanawake wa mtaa, na wengi wao walipata picha yao wenyewe juu ya nyumba yao wenyewe. Ulilala chini ya uso wako, na uso wako ukazuia maji.

Tupige hesabu ili tusitie chumvi. Chumba cha kawaida cha Kibera ni kama futi 12 kwa 12, karibu mita za mraba 13. Gawanya 2,000 kwa 13, unapata kama vyumba 150. Sensa ya mwaka huo huo, 2009, ilihesabu watu 170,070 Kibera, idadi iliyowashtua waliozoea kutaja milioni. Hata kwa hesabu hiyo ndogo, vyumba 150 ni tone katika ndoo. Hakuna aliyepata choo kwa mradi huu, wala maji ya bomba, wala hati ya ardhi. Kilichopatikana ni kwamba nyumba kadhaa zilipata paa bora kuliko la jirani, na paa hilo lilikuwa na uso. Ukubwa wa kazi hii tuupime hapo hapo, bila kuupandisha.

Lakini udogo huo ndio ulioifanya idumu. Katika mtaa ambao kila kipande cha mbao, waya na plastiki kina mtu anayekihitaji, kitu kizuri kisicho na kazi hakikai. Kitavunjwa, kitauzwa, kitawashia jiko, na wala hiyo si chuki dhidi ya sanaa. Picha za Kibera zilikaa kwa sababu aliyezing'oa angelowa. Wanawake hawakuombwa kuzilinda kwa heshima ya msanii wala kwa ajili ya wageni watakaokuja kutazama. Walizilinda kama unavyolinda sufuria yako.

Nani aliona?

Swali hili limenisumbua kwa muda. Ukiwa kichochoroni huoni paa, si lako wala la jirani. Macho yale makubwa, baadhi yakienea juu ya nyumba nyingi kwa pamoja, yalionekana kutoka kwenye tuta la reli, kutoka kwenye ndege ndogo zinazoruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, na kutoka kwenye picha za setilaiti za Google Earth. Waliofunikwa nayo ndio walioyaona kidogo kuliko wote. Mama mmoja, paa lake lilipokwisha kufunikwa, alitania kwamba sasa Mungu anaweza kumwona. Watu hucheka wakisikia hivyo. Mimi nasikia humo malalamiko ya miaka mingi: tumeishi katikati ya jiji kuu, kando ya uwanja wa gofu na barabara kuu, na hakuna aliyetuona hadi tulipochoma.

Ndiyo maana treni ilikuwa ya lazima, na naiona kuwa sehemu yenye akili zaidi ya kazi nzima. Mapaa yalikuwa kwa wanaotazama kutoka juu, treni ilikuwa kwa watu wa chini. Mchuuzi aliyeinua gunia lake kupisha treni alimwona mama wa nyumba ya tatu akipita kwenye mabehewa. Macho hayana pazia, na siku hizo hata asiyetaka kutazama alitazama. Tena ilikuwa reli ile ile iliyong'olewa miezi kumi na miwili nyuma. Palipokuwa pa kupimana nguvu, watu walisimama kungoja uso wa jirani yao ukamilike.

Wapo wanaouliza pesa zilikwenda wapi, na wanauliza jambo la haki. JR hakubali nembo za kampuni kwenye kazi zake. Miradi huiendesha kwa kuuza picha zake kwenye majumba ya sanaa. Maana yake nyuso za Kibera zina bei mahali ambapo wenye nyuso hawatakanyaga. Wanawake wenyewe walikuwa na sharti moja: hadithi zao zisafiri. Zilisafiri. Oktoba 2009 nyuso za wanawake wa mradi huo zilibandikwa kwenye kingo za mawe za Île Saint-Louis, kisiwa cha matajiri katikati ya mto Seine, Paris. Sharti lilitimizwa. Lakini hadithi ikisafiri na mwenyewe akibaki, kuna deni linalobaki wazi, na sioni kwa nini tulifute kwa sababu tu picha ni nzuri. Mgeni yeyote mwenye kamera anayeingia mtaani angepaswa kuulizwa swali hilo kabla hajafungua begi.

Mwaka huo huo wa 2009 Mkenya alikuwa akitembea njia nyingine. Boniface Mwangi, aliyepiga picha za ghasia akiwa mpiga picha wa gazeti, alizitoa zile picha magazetini na kuzisimamisha barabarani, katika maonyesho ya Picha Mtaani yaliyozunguka miji ya Kenya. Zilikuwa picha za majeraha, maiti, nyumba zinazoungua. Watu walisimama mbele yake kimya, wengine wakalia. JR alionyesha uso uliosalia, Mwangi akaonyesha kilichofanywa. Nisingependa kuchagua. Mtaa uliotazama nyuso za kuchekesha tu ungejidanganya, na mtaa uliotazama maiti tu usingepata nguvu ya kuamka kesho yake. Hata hivyo moyo wangu uko zaidi kwa Mwangi, kwa sababu alibaki. Mwaka 2011 alianzisha PAWA254, kituo cha wasanii na wanaharakati jijini Nairobi, na mwaka 2012 kuta za katikati ya Nairobi zikapata michoro ya wanasiasa katika sura ya tai wala mizoga, kazi ya mikono ya Bankslave, Swift9, Uhuru B na wenzao.

Na wachoraji hao hao wanaturudisha relini. Kabla ya uchaguzi wa 4 Machi 2013, nchi ikiwa imeshika pumzi, walipewa idhini na kampuni iliyokuwa ikiendesha reli kuipaka rangi treni ya abiria inayopita Kibera. Safari hii kalamu na rangi zilikuwa za Wakenya, na ujumbe ulikuwa wa amani, kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali. Sitadai kwamba macho ya 2009 ndiyo yaliyozaa treni ya 2013, maana Solo 7 alikuwa ameandika amani kabla ya wote. Ila naona mfululizo: reli inang'olewa, inapitisha macho, inapitisha maneno.

Kipande kilichokosekana

Ardhi ya Kibera kwa sehemu kubwa ni ya serikali. Waliojenga vyumba ni wachache, na idadi kubwa ya wakazi ni wapangaji wanaolipa kodi kila mwezi kwa mtu ambaye hana hati. Mwenye nyumba ana kuta na mabati. Mpangaji ana anachoweza kubeba: kitanda, jiko, sufuria, pazia linalogawa chumba, waya wa umeme aliouvuta mwenyewe. Anapohama, hicho ndicho kipimo cha mali yake, na mkokoteni mmoja hutosha.

Miezi mingi baada ya kazi kumalizika, JR alirudi kutazama. Picha zilikuwa bado juu. Jicho moja kubwa, lililotandazwa juu ya nyumba kadhaa, lilikuwa na pengo: kipande kimoja hakipo, na bati tupu linaonekana. Akauliza kulikoni. Wakamjibu kwa wepesi kabisa, kama mtu anayeulizwa habari ya jana: jamaa wa nyumba hiyo amehama.

Hakuna aliyesema kazi imeharibiwa, wala hakuna aliyelaumiwa. Kwa jinsi ninavyokielewa kisa hiki, mtu yule aliihesabu ile turubai pamoja na kitanda na jiko. Alipanda juu, akatoa mawe, akaikunja, akaipakia kwenye mkokoteni na vitu vyake vingine, na kuondoka na sehemu yake ya jicho.